Mfasiri Aliye Ndani ya Jani

Dalili ya mvua ni mawingu, walinena wahenga. Hawakudai, hata hivyo, kwamba kila wingu huleta mvua, wala kwamba kila aliyeinua macho ameisoma mbingu sawasawa. Kusoma dalili ni elimu, na anayekosea kuisoma hulipa kosa lake. Huko Kabazi, katika eneo la Subukia, kaunti ya Nakuru, dalili inayosomwa kwa makini zaidi baada ya mawingu ni rangi ya jani la mahindi. Kijani ni ahadi ya shibe. Njano ni swali, tena swali ambalo aghalabu hujibiwa kwa pesa kabla halijaeleweka.

Kabazi imekaa karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Mchana na usiku hugawana saa zao karibu sawa kwa sawa mwaka mzima. Hakuna siku ndefu za kiangazi wala usiku mrefu wa kipupwe kama ilivyo Ulaya. Mwanga wa huko haubadiliki kwa urefu wa siku, bali kwa mambo mengine: wingu zito la mwezi wa Julai, kivuli cha miti ya grevilea iliyopandwa mipakani, kina cha shimo ambamo mbegu ilitupwa, na ukali wa jua la saa sita mchana. Wenyeji wake walitoka pande mbalimbali. Wamaasai waliondolewa katika sehemu hii ya Bonde la Ufa kwa mkataba wa mwaka 1904, walowezi wakaigawa ardhi kuwa mashamba makubwa, na baada ya uhuru wa mwaka 1963 familia za jamii tofauti zikapata makao humo. Wanapokutana sokoni, huzungumza Kiswahili. Wanapokutana shambani, huzungumzia mahindi.

Kila mmoja wao amewahi kuona jaribio moja la sayansi bila kuliita kwa jina hilo. Punje huota chini ya gunia lililosahauliwa ukingoni mwa shamba, au chini ya debe lililopinduliwa. Gunia likiondolewa, hupatikana mche mrefu, mwembamba, wenye rangi ya njano iliyopauka, uliojinyoosha kama mtu anayetafuta dirisha. Mche huohuo ukiachwa juani, baada ya saa chache huanza kubadilika, na siku ya pili huweza kuwa kijani kama wenzake. Hakuna aliyeutia mbolea. Hakuna aliyeunyunyizia dawa. Kilichoongezwa ni mwanga tu.

Jibu la haraka ni kwamba jani lilikosa umbijani, ambao wengine huuita klorofili, ile rangi inayonasa nuru ili mmea ujitengenezee chakula. Jibu hilo ni la kweli, lakini limesema kidogo. Kwa nini mwanga ulete umbijani? Hapo ndipo msomi wa Kiswahili anapopaswa kutega sikio, kwa maana miongoni mwa vinavyofanya kazi hiyo ndani ya jani kuna kiumbo kidogo ambacho wanabiolojia hukieleza kwa msamiati ulio wake yeye: msamiati wa unukuzi na tafsiri.

Seli hai huhifadhi maagizo yake katika DNA. Agizo linapohitajika hunakiliwa katika uzi wa RNA, na hatua hiyo huitwa unukuzi. Kisha nakala hiyo husomwa herufi tatutatu, na kila kikundi cha herufi tatu, yaani kodoni, huonyesha asidi amino itakayoungwa katika mnyororo wa protini. Hatua hii ya pili wanabiolojia duniani kote huiita tafsiri. Hawakulichagua neno hilo kwa mzaha. Herufi za RNA ni lugha moja na asidi amino ni lugha nyingine, wala hakuna mfanano wa umbo baina yao. Mwaka 1955 Francis Crick alitabiri kwamba lazima kuwe na kiungo kinachozijua lugha zote mbili. Utabiri huo ulipata ushahidi katika miaka michache iliyofuata, kupitia kazi ya Mahlon Hoagland na Paul Zamecnik huko Marekani. Kiungo chenyewe ni RNA-hamishi, ambayo vitabu huifupisha kuwa tRNA. Ncha yake moja husoma kodoni, na ncha ya pili hubeba asidi amino inayohusika. Kwa hakika, huyo ni mfasiri.

Kumjua mfasiri huyo kulidai subira. Robert Holley na wenzake katika Chuo Kikuu cha Cornell walianza na kilo 140 hivi za hamira ya waokaji, wakaishia na gramu moja tu ya RNA-hamishi safi. Mwaka 1965 walitangaza mfuatano wake mzima wa herufi 77, na mwaka 1968 Holley akawa mmoja wa watatu waliotunukiwa Tuzo ya Nobel kwa utafiti wa lugha hiyo ya chembe hai. Jambo la kushangaza lilikuwa kwamba baadhi ya herufi hizo hazikuwa miongoni mwa zile nne za kawaida za RNA. Zilikuwa herufi zilezile, lakini zimeguswa: moja imegeuzwa, nyingine imeongezewa kitu, nyingine imepunguzwa.

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hana haja ya kwenda mbali ili alielewe jambo hilo. Waandishi wa kale wa pwani, kutoka Lamu hadi Mvita na kusini zaidi, walitunga na kunakili tenzi zao kwa hati ya Kiarabu. Hati hiyo haikuwa na alama za sauti zote za Kiswahili. Waandishi wakaongeza nukta hapa na alama pale, ili p isisomwe kuwa b na ch isisomwe kuwa sauti nyingine. Umbo la herufi lilibaki kuwa lilelile. Nukta ndiyo iliyoamua sauti. Mhariri yeyote aliyewahi kushika mswada wa kale ambao nukta zake zimefutika anajua jinsi neno moja linavyoweza kusomeka kwa namna mbili au tatu, na jinsi ubeti mzima unavyoweza kupotoka kwa sababu ya doa dogo la wino lililokosekana.

Marekebisho ya RNA-hamishi ni nukta za namna hiyo. Yanayojulikana katika RNA za viumbe mbalimbali yamepita aina 100, na mengi yao yamo katika RNA-hamishi. Mengine humpa mfasiri umbo imara asikunjuke ovyo. Mengine hukaa mahali penyewe pa kusomea, na hayo ndiyo huamua kodoni zipi zisomwe na kwa usahihi gani. Nafasi hiyo ina uzito wa pekee katika kloroplasti, kile kijumba cha kijani ndani ya seli ya jani ambacho hutengeneza chakula kwa nuru. Kloroplasti ina kanzi yake ndogo ya jeni na wafasiri wake wenyewe, wapatao aina 30, ilhali kodoni za asidi amino ni 61. Lazima basi mfasiri mmoja asome zaidi ya kodoni moja, kama mkalimani anayehitajika kuelewa lahaja kadhaa za lugha moja. Mwaka 2009 watafiti wa mmea mdogo wa jamii ya kabichi uitwao Arabidopsis walieleza kimeng'enya kinachobadilisha herufi moja tu ya mfasiri mmoja wa kloroplasti, yule anayebeba asidi amino iitwayo arjinini. Mimea iliyopungukiwa na kimeng'enya hicho ilitafsiri protini za kloroplasti kwa shida, ikadumaa. Nukta moja ilikosekana, na mmea mzima ukaathirika.

Mwanga unaingiaje hapa? Unaingia kwa milango zaidi ya mmoja.

Mlango wa kwanza ni wa wingi. Mwaka 1969 watafiti wa Marekani waliripoti kwamba Euglena, kiumbe cha seli moja kiishicho katika madimbwi, kikikuzwa gizani kisha kikatolewa kwenye mwanga, huanza kuwa na aina za RNA-hamishi ambazo gizani hazikuonekana au zilikuwa chache mno. Mwanga ulikuwa kama mwenye karamu aliyewaita wafasiri kazini.

Mlango wa pili ni wa ajabu zaidi. Mwaka 1986 kundi la watafiti wakiwemo Gamini Kannangara wa Maabara ya Carlsberg huko Copenhagen na Dieter Söll wa Chuo Kikuu cha Yale lilionyesha, kwa kuchunguza shayiri, kwamba hatua ya kwanza ya kutengeneza umbijani huhitaji RNA-hamishi ya kloroplasti inayobeba asidi amino iitwayo glutamati. Kimeng'enya maalumu huipokonya RNA hiyo mzigo wake, na mzigo huo huwa malighafi ya rangi ya kijani. RNA-hamishi hiyohiyo pia huipeleka glutamati kwenye protini. Mfasiri mmoja, kazi mbili: asubuhi anatafsiri, papo hapo anabeba mawe ya kujengea nyumba. Naye hakukosa nukta yake, kwani katika nafasi ya kusomea ana herufi iliyorekebishwa yenye salfa ndani yake. Isitoshe, jeni ya kile kimeng'enya kinachopokea mzigo huchochewa na mwanga. Jua linapompata mche wa njano, mahitaji ya mfasiri huyu hupanda kwa pamoja katika kazi zote mbili: umbijani unatakiwa, na protini za kuushikilia zinatakiwa.

Mlango wa tatu unayahusu mahindi kwa jina lake. Mwaka 1963, huko New Zealand, D. S. Letham alitenga kutoka kwenye punje changa za mahindi homoni inayochochea seli kugawanyika. Ikaitwa zeatini, kutokana na Zea, jina la kisayansi la mahindi. Zeatini ni ndugu wa rekebisho ambalo hukaa ndani ya RNA-hamishi, jirani kabisa na mahali pa kusomea, na namna mojawapo ya zeatini katika mimea hutokana na RNA-hamishi zenyewe. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walieleza Arabidopsis iliyonyimwa jeni mbili za kuweka rekebisho hilo. Namna hiyo ya zeatini ikatoweka, na mara nyingi mmea ukawa na majani yaliyopauka. Kwa hiyo nukta iliyowekwa ili mfasiri asome vizuri ina uhusiano wa karibu na rangi ambayo mkulima huiona kutoka barabarani.

Upo pia mlango wa hatari. Katika bakteria, RNA-hamishi nyingi zina herufi yenye salfa katika nafasi ya nane. Miale ya urujuanimno iliyo karibu na nuru ya kawaida ikiipiga herufi hiyo, huungana na herufi nyingine ndani ya mfasiri uleule, naye hushindwa kupakia mzigo wake ipasavyo. Bakteria husita kukua hadi hali itulie. Hapa rekebisho limekuwa mlinzi anayepiga mbiu kwamba jua limezidi. Kloroplasti yenyewe ni mzao wa bakteria wa kale waliojua kutumia nuru, nayo ina taabu yake na jua kali. Protini yake moja, iitwayo D1, huharibiwa na mwanga uleule unaoulisha mmea, na jua linapozidi huharibika upesi zaidi. Lazima itafsiriwe upya kila mara. Saa sita mchana, wakati mtu wa Kabazi amekimbilia kivuli, wafasiri ndani ya jani ndipo wanapozidiwa na kazi.

Inafaa kila jambo liwekwe mahali pake. Mwanga haufanyi kazi kupitia kwa mfasiri huyu peke yake. Katika mimea inayotoa maua, mahindi yakiwa miongoni mwao, kimeng'enya kimoja karibu na mwisho wa safari ya umbijani hakiwezi kufanya kazi bila nuru, na hicho ndicho sababu kuu ya mche wa gizani kubaki njano. Malighafi imefika mlangoni, mlango umefungwa, na ufunguo ni mwale wa jua. Hata hivyo, malighafi hiyo ilianza safari yake mgongoni mwa RNA-hamishi.

Msomaji atauliza: maarifa haya yanamfaa nini mwenye jembe? Mama mmoja wa Kabazi alimwita bintiye wa kidato cha tatu shambani, katika miaka ambayo mahindi ya Bonde la Ufa yalikuwa yakifa kabla ya kukomaa. Akamwonyesha majani yenye michirizi ya njano.

"Hiyo ni klorosisi, mama," binti akasema. "Tulisoma darasani. Ni jani kukosa klorofili."

"Kwamba halina kijani naona mwenyewe, mwanangu. Nakuuliza kimeenda wapi. Niweke mbolea au ning'oe?"

Binti akanyamaza. Alikuwa amepewa neno, hakupewa maelezo. Neno hilo lingempatia alama katika mtihani. Halikumpa mama yake uamuzi. Na uamuzi ulihitajika siku hiyohiyo, kwa sababu pesa za mbolea ya kukuzia, ile ambayo wengi huiita CAN, zilikuwa zimefungwa kwenye pindo la leso zikingoja kupelekwa agroveti.

Njano si neno moja, ni homonimu. Njano ya giza hushika mche mzima, ukawa mrefu na dhaifu, na tiba yake ni nuru. Njano ya njaa ya nitrojeni huanzia majani ya chini yaliyo makongwe, ikitoka nchani na kufuata mshipa wa kati kwa umbo la herufi V. Umbijani na protini vyote viwili huhitaji nitrojeni, na mmea wenye njaa huinyang'anya kwa wazee ili kuwapa vijana. Hapo mbolea ya kukuzia ni jibu. Njano ya tatu ndiyo iliyotisha. Mwaka 2011 huko Bomet iliripotiwa nchini Kenya hali inayosababishwa na virusi viwili vinavyoshirikiana, ikaenea katika maeneo mengine ya Bonde la Ufa na kwingineko. Majani machanga hupata madoa na michirizi ya njano, kingo hukauka, na mmea huweza kufa kabla punje hazijajaa. Virusi hivyo huingia na maandishi yao wenyewe ya RNA, lakini havina wafasiri. Huwatumikisha wafasiri wa mahindi, ribosomu zao na asidi amino zao, hadi mmea unatafsiri maangamizi yake kwa bidii ileile ambayo ungejitafsiria chakula. Mbolea haiponyi hali hiyo. Mmea ulioshikwa hung'olewa mapema, na shamba hupumzishwa kwa kupandwa zao lisilo la jamii ya nafaka.

Mkulima anayezichanganya njano hizi hupoteza mara mbili. Huinunulia mbolea mimea isiyoweza kuokolewa, au huing'oa mimea iliyokuwa na njaa tu. Kosa la kusoma ndani ya seli humharibia mmea protini. Kosa la kusoma shambani humharibia mama karo ya muhula.

Lawama za mnyamazo wa yule binti haziwezi kutupiwa mabega yake. Nchini Kenya Kiswahili kilifanywa somo la lazima, lenye kutahiniwa, katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, na Katiba ya mwaka 2010 ikakipa hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi. Sayansi, hata hivyo, ilibaki kufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto husomea jani kwa lugha moja na kuliuza zao lake kwa lugha nyingine, wala hakuna anayemfundisha kuvuka kutoka upande mmoja hadi wa pili. Maarifa yanafika nyumbani yakiwa yamefungashwa katika neno moja gumu, kama mzigo usiokuwa na wa kuupokea.

Si kwamba Kiswahili kimekosa maneno. TUKI, ambayo leo ni TATAKI, ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990. Umbijani, kimeng'enya, usanisinuru na unukuzi ni maneno yaliyokwisha kutiwa kazini. Mjadala wa wanaisimu kuhusu istilahi ni wa lazima: lipi lisanifiwe, lipi likopwe, lipi litoholewe. Lakini orodha ya istilahi ni ghala la herufi zisizo na nukta. Istilahi hupata uhai pale tu mtu anapoiweka katika sentensi, sentensi ikawa aya, na aya ikaeleza jambo hadi mwenye swali akatosheka. Kazi hiyo ya kueleza kwa nathari iliyo safi, yenye mifano inayotoka mazingira ya msikilizaji, haiwezi kuachiwa mwanasayansi peke yake. Ni kazi ya wale waliofunzwa kupima neno, kutofautisha maana na kuchagua taswira. Kwa bahati mbaya, wengi wao wamejizoesha kuamini kwamba jani linawahusu pale tu linapotajwa katika shairi.

Yapo matumaini. Tanzania imefundisha sayansi kwa Kiswahili katika shule zake za msingi za umma kwa miaka mingi, na hakuna aliyewahi kuona mmea uliokataa kukua kwa sababu ya lugha iliyotumiwa kuueleza. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina majarida, vina makongamano, na vina wanachama ambao likizo huwarudisha Kabazi, Bahati, Molo na kwingineko. Mwanachama mmoja akikaa na mwenzake wa kitivo cha kilimo kwa alasiri moja, wakaandika kurasa mbili juu ya njano tatu za mahindi kwa Kiswahili kinachoeleweka sokoni, watakuwa wamefanya tafsiri kwa maana yake kamili: kuichukua maana kutoka mahali inapohifadhiwa na kuifikisha mahali inapohitajika.

RNA-hamishi haifanyi zaidi ya hilo. Haitungi maagizo, wala si yenyewe inayokula matunda yake. Inasimama kati ya lugha mbili ikiwa na mzigo mmoja na nukta zake chache, na bila hiyo DNA yote ya shamba zima ingekuwa kama kitabu kilichofungwa kabatini. Mfasiri wa namna hiyo yumo katika kila jani la Kabazi. Anayesubiriwa ni yule wa nje ya jani.